Naomba ushauri: nafuu ya EPA ya Kenya na viwanda vya Tanzania

Habari zenu wakuu. Naandaa msimamo wa wenye viwanda wa Tanzania kuhusu kujiunga na mkataba wa EPA (ubia wa kiuchumi) wa Kenya na Umoja wa Ulaya, ulioanza kutumika Julai 1, 2024 na ulio wazi kwa wanachama wengine wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC).

Kwa mauzo ya Ulaya sioni haraka: Tanzania bado inaingiza huko bila ushuru kila kitu isipokuwa silaha. Kinachonikwamisha ni uagizaji. Bidhaa kamili ya Ulaya ikivuka mpaka wa Namanga kutoka Kenya haina uasili wa EAC (haihesabiki kuwa imetengenezwa ndani ya Jumuiya), inalipa ushuru wetu. Lakini bidhaa nusu-tayari ikiingia Mombasa kwa nafuu ya ushuru ya EPA, ikasindikwa Kenya na kupata cheti cha uasili, inakuja kwetu bila ushuru, wakati kiwanda cha Dar kimelipia malighafi ileile ushuru wa asilimia 10 au 25. Hiyo ni hatari kubwa.

Nimepitia Itifaki ya Umoja wa Forodha wa EAC: bidhaa zilizonufaika na mipango ya kukuza mauzo ya nje hutozwa ushuru kamili zikiuzwa ndani ya Jumuiya. Je, kifungu hicho kinaweza kutumika pia kwa bidhaa zilizopata nafuu ya EPA, au lazima itifaki irekebishwe? Na tukijiunga, tuanze na bidhaa zipi kwenye orodha ya zisizofunguliwa (zisizoondolewa ushuru kwa bidhaa za Ulaya)?