Maduka matatu ya magauni ya harusi, nichague lipi?

Nasaka_Gauni

Habari zenu wapendwa. Naolewa miezi tisa ijayo, harusi ya mchana, bustanini, na gauni bado sina. Nimechuja mpaka nimebaki na maduka matatu, na hapo ndipo nilipokwama.

La kwanza ni kubwa, magauni yamejaa mpaka ukiingia unasahau ulichofuata. Muziki, vioo kila upande, wauzaji wanakupokezana. La pili ni dogo, huingii bila miadi, magauni ni machache, na ukipenda moja wanakuagizia lako kiwandani "kwa vipimo vyako". La tatu wanakodisha, na pia wanauza yaliyokwisha kuvaliwa.

Mimi ni mrefu, mabega mapana, kiuno chembamba. Nguo ikinikaa vizuri juu basi kiunoni inapwaya, ikinikaa kiunoni basi mikono haiinuki. Mama anataka la kwanza kwa sababu "huko kuna cha kuchagua". Mdogo wangu anataka la pili kwa ajili ya picha zao. Mchumba wangu kasema nitapendeza hata nikivaa gunia, msaada ulioje.

Nyie mliopita huko, mlichaguaje duka? Sijafika kwenye gauni, nauliza duka. Mliangalia nini kabla pesa haijatoka mkononi?

Wifi_Mkubwa

Hongera dada! Duka kubwa nenda, lakini nenda kujifunza mwili wako, pochi iache nyumbani. Vaa kila mtindo: linalotanuka kuanzia kiunoni, la nguva, lililonyooka, lenye marinda mengi. Utashangaa, lile ulilokuwa unalidharau ndilo linalokukubali. Nenda katikati ya wiki asubuhi, Jumamosi utahudumiwa kama upo foleni ya benki. Na watu wa kukusindikiza wasizidi wawili. Mama sawa, mdogo wako sawa, inatosha. Mashangazi wataliona siku yenyewe.

Fundi_Bandi

Bibie, mimi sina duka. Kazi yangu ni kurekebisha magauni ya harusi yakishanunuliwa, yaani maharusi hunifikia wakati wameshalipa na tabasamu limeanza kupungua. Kwa hiyo nitakujibu kutokea upande wa cherehani.

Wengi huchagua duka kwa wingi wa magauni. Mimi ningelichagua kwa fundi wake. Gauni linaloning'inia pale si lako, hata ulipende vipi. Lako ni litakalotoka baada ya kupimwa, kubanwa na kukatwa pindo, na kazi hiyo huioni kwenye kioo cha duka. Basi ukipiga simu swali la kwanza liwe hili: nani atarekebisha gauni langu, yumo humo humo au mtanituma kwingine, na malipo yake yamo kwenye bei au yako kando? Mara nyingi yako kando. Duka linalojiamini litamwita fundi akuone ukiwa umelivaa na akupe makadirio kabla hujatoa arubuni. Inawezekana kabisa, mimi nikiliona gauni mwilini mwa mtu naijua kazi iliyopo. Wakisema "hayo tutayaona baadaye", baadaye ndiyo wewe utakayelipia.

Pili, vibanio. Magauni ya kujaribia huletwa kwa saizi chache tu, aghalabu moja kwa kila mtindo. Ukiwa mdogo kuliko gauni, muuzaji analikusanya mgongoni kwa vibanio, mbele unajiona umechongwa. Geuka utazame mgongo. Mwambie avitoe, uone kitambaa kinavyoanguka chenyewe. Ukiwa mkubwa kuliko gauni wanaliacha wazi nyuma, na wewe unaombwa ukisie. Kwa mabega hayo, hilo litakukuta. Waulize mapema wana saizi zipi za kujaribia, usifunge safari kwenda kuvaa nusu gauni.

Namba ya saizi isikushtue. Magauni ya harusi kwa kawaida huandikwa namba kubwa kuliko nguo zako za kila siku, na kila kiwanda kina jedwali lake la kifua, kiuno na nyonga. Wakupime kwa futi, wakuonyeshe jedwali, na vipimo viandikwe kwenye karatasi utakayoondoka nayo.

Sasa hilo la "kwa vipimo vyako" lihoji vizuri sana. Mara nyingi maana yake ni kwamba wanatazama sehemu yako iliyo pana kuliko zote, wanaagiza saizi ya jedwali inayoienea, kisha kwingine kote fundi anapunguza. Kiwanda hakikati kitambaa kwa kufuata umbo lako. Kwako tofauti hiyo ni kubwa: wataagiza kwa kifua, kiuno kitapwaya, na kukibana ni kazi nyingine yenye malipo yake. Na kuagiza hivyo si kosa. Kupunguza kunawezekana karibu siku zote, lakini kuongeza kunategemea kama ndani ya mshono kimeachwa kitambaa. Muuzaji atakayekuambia "chukua dogo, utapungua kabla ya siku" mkimbie, huyo haonani tena nawe baada ya risiti. Kitu kimoja cha kukufaa kwa kuwa u mrefu: viwanda vingi hukubali kuongeza urefu kwa malipo ya ziada, ila ni lazima isemwe wakati wa kuagiza. Gauni likishafika fupi, mimi siwezi kulirefusha.

Pindo watu hulidharau. Satini tupu yenye bitana, sawa, hiyo naimaliza. Lakini gauni lenye lesi chini halikatwi tu. Lesi inafumuliwa kwa mkono, inapandishwa, inashonwa upya. La tuli, kile kitambaa chepesi cha wavu, lina tabaka kadhaa na kila tabaka linakatwa peke yake. Shanga zilizo kwenye mshono zinatolewa kwanza moja moja, la sivyo sindano inavunjika. Ndiyo maana nikiulizwa "kupunguza pindo bei gani?" kwenye simu, najibu kwa swali: chini kuna nini? Wewe kwa urefu wako huenda ukaponea, lakini nenda na viatu utakavyovaa, au vyenye kisigino cha urefu ule ule. Harusi ni ya bustanini, kisigino chembamba kitazama kwenye nyasi, kwa hiyo amua viatu kwanza. Nenda na sidiria inayofaa pia.

Kama gauni lina mkia, uliza unafungwaje juu baada ya ibada. Kuna wa vitanzi na vifungo kwa nje, kuna wa kukunjwa chini kwa ndani na kufungwa kwa riboni. Vyote hivyo hushonwa na fundi, ni nadra gauni kuja navyo. Na mdogo wako aje siku ya mwisho ya kupima ajifunze kuufunga, wewe huwezi kujifika.

Mwanga nao. Taa za duka zinadanganya. Kuna nyeupe pepe, kuna nyeupe ya maziwa, kuna krimu, na hariri ya asili haiwi nyeupe kali kama poliesta. Omba usimame karibu na dirisha. Duka lisilo na dirisha, sogea mlangoni. Uliza pia kitambaa kimefumwa kwa nini, maana satini ni mfumo wa kufuma tu, inaweza kuwa ya hariri au ya poliesta, na bei hazifanani. Kama lebo ya kitambaa imekatwa, waulize kwa nini.

Halafu usisimame tu kama sanamu. Kaa. Inua mikono. Kumbatia mtu. Panda ngazi. Gauni la harusi la Diana, binti mfalme wa Uingereza, la mwaka 1981 lilikuwa la tafeta ya hariri na mkia wa futi 25, na alipoteremka kwenye gari la farasi dunia nzima iliona mikunjo. Lile lilishonwa na wabunifu kwa ajili yake mwenyewe. Kitambaa hakijali wewe ni nani, kikikunjwa kinakunjika. Shika kipande kwenye ngumi kidogo, achia, uone.

Muda: gauni la kuagiza huchukua miezi minne hadi sita kufika, wakati mwingine zaidi, kisha mimi na wenzangu tunahitaji wiki kadhaa za kupima na kurudia. Miezi tisa inatosha kwa duka la pili, ila isifike imebaki miezi saba bado unafikiria.

Wifi_Mkubwa

Fundi umetuua 😂 Mimi gauni langu lilibanwa kwa vibanio kama nguo kwenye kamba na nikalia kwa furaha. Lakini nakupinga kidogo: wengine hatuna subira ya kuagiza. Duka kubwa mara nyingi unaondoka na gauni siku hiyo hiyo, unalipeleka kwa fundi wako unayemwamini. Hilo nalo lina thamani.

Fundi_Bandi

Lina thamani, sikatai. Ila gauni la dukani lililojaribiwa na wateja msimu mzima likague kama unanunua gari: zipu, kwapa, pindo lililokanyagwa, vipodozi shingoni, shanga zilizodondoka. Kisha omba punguzo na uulize nani analipia kulisafisha.

Bwana_Harusi_Mstaafu

Kaka zenu nao tuna la kusema, kwenye pesa. Julai 2017 kampuni ya Alfred Angelo ya Marekani, ya magauni ya harusi, ilifilisika na kufunga maduka yake ghafla. Kulikuwa na maharusi waliokwisha kulipa na magauni hawajayapata. Kampuni kubwa, jina kubwa, mlango umefungwa. Kwa hiyo ukubwa wa duka si dhamana.

Usilipe yote siku ya kwanza kama hulazimiki. Lipa kwa njia inayoacha alama na inayokuruhusu kudai, kadi kwa mfano, kuliko noti mkononi. Na risiti isiandikwe "gauni moja". Iandikwe namba ya mtindo, rangi, saizi iliyoagizwa, urefu wa ziada kama upo, tarehe ya kufika, na itakuwaje likichelewa au likija rangi nyingine. Arubuni yenyewe inarudishwa au hairudishwi? Sehemu nyingi hairudishwi, basi iwe ndogo na uijue kabla. Muuzaji akikuambia bei hii mwisho leo, nenda kanywe maji, urudi kesho.

Nilikodi_Mimi

Naona la tatu mmelisahau. Nilikodi, sijutii hata chembe, sikutaka gauni la kukaa kwenye kabati likigeuka manjano. Lakini kwa maelezo yako dada, la kukodi litakusumbua. Lile ni lazima limfae na anayefuata, kwa hiyo hawakati kitu, wanapiga bandi tu pembeni na kufumua likirudi. Kiuno chako kitabanwa kwa muda, mabega hayatapanuliwa. La mitumba nalo, kama bibi harusi wa kwanza alikuwa mfupi basi pindo limeshakatwa, na kilichokatwa hakirudi.

Ukitaka kulijaribu hata hivyo, uliza gauni linakaa kwa nani wiki moja kabla ya harusi yako. Kama linatoka kwa mwingine Jumapili na wewe unaolewa Jumamosi inayofuata, doa la mwenzako linaweza kuwa lako. Na mkataba useme doa la kawaida ni lipi na la kulipia ni lipi, hasa wewe wa bustanini.

Nasaka_Gauni

Asanteni sana, sikutegemea haya yote. Nimepiga simu. Duka kubwa: fundi "yupo", jina hawalijui, makadirio mpaka gauni linunuliwe. Duka dogo: fundi wao huja siku maalumu za wiki, wamekubali nipange miadi siku hiyo ili anione nimelivaa, na saizi za kujaribia wamenitajia bila kigugumizi. Wamesema urefu wa ziada upo kwa baadhi ya viwanda tu, watanionyesha magauni ya viwanda hivyo kwanza. Mama kanuna kidogo, lakini nimemwahidi duka kubwa tutaenda kujaribu mitindo kama Wifi alivyosema.

Maswali mawili yamebaki. Duka dogo hawaruhusu picha mpaka ulipe arubuni, hilo ni baya? Na shela ninunue hapo hapo?

Fundi_Bandi

Picha, si vibaya. Wanaogopa upeleke kwa mtu wa kuiga. Nenda na daftari, mdogo wako aandike kila gauni: shingo, mikono, kiuno kinaanzia wapi, mkia, na wewe ulijisikiaje ukikaa. Ukishalipa wakuruhusu picha ya mbele, ubavuni na mgongoni, hiyo idai.

Siku ya fundi, mwambie akuonyeshe kwenye gauni la kujaribia mishono ya ubavuni kwa ndani, imeachiwa kitambaa kiasi gani. Kiwanda hicho hicho kitakuletea lako hivyo hivyo. Na muulize kuhusu mabega kabla ya kitu kingine: kwa umbo lako, gauni la mikanda ya mabegani au lisilo na mikono litampa kazi ndogo kuliko lenye mikono ya lesi iliyobana.

Shela subiri. Nyeupe za viwanda viwili hazilingani, kwa hiyo chagua shela wakati gauni liko pale, dirishani, ukiliweka juu yake. Si lazima liwe la duka hilo. Ila kama gauni lina shanga mgongoni, tuli laini la shela refu litanasa kila ukigeuka, na bustanini kuna upepo. Chukua linaloishia juu ya shanga, au liwe la kuvuliwa baada ya ibada.