Naombeni ushauri: filamu fupi ya penzi la kwanza, nusu ya pili inanishinda

KalamuButu
Wakuu, salaam. Ninaandika skripti ya filamu fupi, nataka isizidi dakika 15. Ni wasichana wawili wanaomaliza sekondari, wako timu moja ya mpira wa wavu. Zuhura ndiye anayemfunga Neema plasta za vidole kabla ya kila mechi, na siku moja anashtuka mikono inamtetemeka. Hadi hapo naipenda. Baada ya hapo nimeweka Zuhura kumwambia mama yake, mama kulia, shule kujua, Neema kuhamishwa. Walioisoma wote wanasema "inasikitisha", halafu wanabadilisha mada. Niikate wapi? Na je, bila busu mtazamaji ataelewa?

MezaYaUhariri
Hizo ni filamu tatu, ndugu. Moja ya Zuhura kujitambua, moja ya mama, moja ya shule. Dakika 15 zinabeba ya kwanza tu, na ndiyo uliyoiandika vizuri.

Tazama In a Heartbeat ya mwaka 2017, katuni ya Esteban Bravo na Beth David waliyoitengeneza wakiwa bado wanafunzi. Dakika nne hivi, hakuna anayesema neno. Moyo wa mvulana unamchomoka kifuani na kumkimbilia kijana anayempenda, naye anahangaika kuurudisha. Wazazi hawamo kabisa. Wanafunzi wenzao wanageuka kuwatazama, basi, na moyo unapasuka vipande viwili. Jamii nzima inayowakataa imeingia kwa macho ya watu ndani ya sekunde chache. Wewe umeiandikia sini tatu.

Usiku_Mwema
Mimi napingana na huyo hapo juu. Mbona kila anayeandika uchungu wetu anaambiwa apunguze? Kuna vijana wanafukuzwa nyumbani kweli. Trevor ya mwaka 1994, iliyoongozwa na Peggy Rajski, inamfikisha mtoto wa miaka 13 mahali pa kutaka kujiua, na ilipata Oscar. Ilipokaribia kuonyeshwa kwenye televisheni mwaka 1998, walioitengeneza waliona kuna watazamaji wadogo watakaohitaji mtu wa kuzungumza naye, wakaanzisha simu ya msaada. Huo ndio mwanzo wa shirika la The Trevor Project. Filamu fupi imefanya hayo kwa sababu haikukwepa.

MezaYaUhariri
@Usiku_Mwema sijasema akwepe. Lakini Trevor inachekesha! Yule mtoto ana vituko, anamhusudu mwimbaji Diana Ross kupita kiasi, tunamjua na kumpenda kabla hajaumia. Zuhura akishafika kwa mama yake kazi yake inakuwa kulia tu, hata mpira hachezi tena. Ugomvi wangu ni huo.

BiSkripti
Tuje kwenye busu. Eu Não Quero Voltar Sozinho, ya Brazili, mwaka 2010, imeongozwa na Daniel Ribeiro, dakika 17. Mhusika mkuu ni kijana asiyeona, kwa hiyo ile njia rahisi tunayoikimbilia wote, ya kutazamana kwa kuibia, imefungwa. Inabidi mapenzi yapite kwenye sauti na kwenye mkono anaoushika akirudi nyumbani. Busu lipo, ila linapofika tumeshaelewa zamani.

Sasa wewe una plasta mkononi na bado unatafuta busu! Ifungwe mara tatu. Ya kwanza chapuchapu, wanapiga soga, hawaangalii hata vidole. Ya pili Zuhura anakosea, anabandua, anaanza upya, Neema anamcheka. Ya tatu, ama Neema anajifunga mwenyewe, ama plasta inaisha na mkono anauacha palepale. Chagua moja. Hayo mengine yatunzie filamu ndefu: Ribeiro alirudi na vijana walewale akatoa ndefu mwaka 2014, na Pariah ya Dee Rees ilikuwa fupi mwaka 2007 kabla ya kuwa ndefu mwaka 2011.

Fundi_Sauti
Wengine wameongea sanaa, mimi naongea kazi. Tafuta waigizaji waliozidi miaka 18 hata kama wahusika ni wanafunzi. Kila mguso uandikwe kwenye skripti na mkubaliane kabla ya mazoezi. Usimshtukize mtu siku ya kupiga picha eti upate hisia za kweli. Na waulize mapema kama wako tayari sura zao zikae mtandaoni. Wapo ambao filamu kama hii inaweza kuwapotezea kazi au ndugu, na video ikishasambaa huirudishi. Mwenye wasiwasi mpige picha mikono tu, sura isionekane. Kwa hadithi hii hutapoteza chochote.

KalamuButu
Nashukuruni sana. Nachukua ya mkono kuachwa palepale. @Fundi_Sauti hilo la kupiga picha mikono tu limenipa wazo la filamu nzima, sikutegemea lije kutoka kwa mtu wa sauti 😄 Ila mama siwezi kumfuta. Yeye ndiye aliyenifanya nianze kuandika.

Usiku_Mwema
Usimfute! Nilijua tu.

BiSkripti
Abaki, asilie. Yeye ndiye awe anamwekea Zuhura plasta kwenye begi. Siku moja aulize, "Mbona zinaisha haraka hivi, unaumia wapi?" Zuhura ajibu chochote kile. Sini ya sekunde ishirini, na anayetaka kuuliza kama mama anajua, aulize akitoka ukumbini.

MezaYaUhariri
Hiyo hata mimi sina neno. Jambo la mwisho: ukiimaliza usiipandishe mtandaoni kwanza, maana baadhi ya matamasha hayapokei filamu ambayo watu wameshaiona bure. Iris Prize, tamasha la Cardiff huko Wales linalofanyika tangu mwaka 2007, ni la filamu fupi za namna hii hasa. Soma masharti yao kabla hujahariri, usije ukarudi mezani kukata.