Nimeomba ripoti za ukaguzi wa daraja, nimejibiwa mistari miwili. Nianzie wapi?

Mpita_Darajani
Wakuu, heshima zenu. Kuna daraja navuka kila siku na wanangu wawili. Tangu mvua zilizopita nguzo moja imekaa upande, na lori likipita unasikia mtetemo hadi magotini. Nikaiandikia ofisi ya serikali inayolisimamia, nikaomba "nyaraka zote zinazohusu daraja hili". Wiki tano baadaye nikaitwa kaunta kuchukua jibu: ombi limekataliwa "kwa sababu za usalama". Kifungu hakikutajwa, wala aliyeamua. Sahihi na mhuri, basi.

Nchi naomba nisiitaje. Ofisi ni ndogo, watanijua mara moja.

Kuna pa kukata rufaa, au ndiyo imetoka hiyo?

Bado_Nipo
Imetoka hiyo, ndugu. Wakishasema usalama, wewe sema asante urudi nyumbani.

Karani_Mstaafu
Usimsikilize huyo. Nimekaa masjala miaka 22, barua za namna yako zimepita mikononi mwangu.

Kwanza nikwambie ulipokosea, usinichukie. Neno "zote" ni zawadi kwa mtu wa ofisini. Mkubwa akiliona hafungui hata jalada, anaandika juu ya barua "haiwezekani", inarudi chini. Kwa hiyo kilichokataliwa ni barua yako. Karatasi zenyewe nina hakika hakuna aliyezisoma, na hapo ndipo pa kuwabana.

Jalada si gunia. Kila karatasi inayoingia inapewa namba ya folio, ya kwanza iko chini kabisa, ya mwisho juu. Ripoti ya mkaguzi ina folio yake, michoro ya nguzo ina yake, barua ya mkandarasi anayedai pesa ina yake. Madokezo, yale wanayoandikiana wakubwa wenyewe kwa wenyewe, hukaa upande wake. Sasa kwenye rufaa usibishane nao kuhusu usalama, maana hapo watakushinda. Waambie wakuorodheshee: folio namba fulani, ya tarehe fulani, inahusu nini, inazuiwa kwa kifungu kipi. Ile iliyo na siri nusu, wapake wino mweusi kwenye siri na ukurasa uliobaki utoke.

Wakianza kuiandika orodha hiyo, "usalama" utawatosha kwa karatasi mbili tatu. Nani ataandika "usalama" mbele ya hati ya malipo ya rangi ya vyuma? Nilimwona mkubwa mmoja akifika mstari wa sita, akaweka kalamu chini, akasema, "Wapeni tu."

Wakili_Chipukizi
Mzee Karani, shikamoo. Hicho ulichokisema mahakama ya rufaa ya Washington ilikisema mwaka 1973, kesi ya Vaughn dhidi ya Rosen. Vaughn alikuwa mwalimu wa sheria, akitafuta ripoti za tathmini za tume ya watumishi wa umma. Serikali ikakataa kwa jumla. Majaji wakasema haifai mwombaji na jaji waachwe wakibahatisha kilichomo. Serikali ieleze inazuia nini na kwa nini, kipande kwa kipande. Hadi leo wanasheria wa Marekani wanaiita orodha hiyo kwa jina la Vaughn. Uamuzi huo haumfungi mtu nje ya Marekani, lakini hoja yake unaweza kuiazima.

Mimi nitaongeza habari ya siku tu, kwa sababu watu wengi wenye haki huangukia hapo. Kenya, sheria ya 2016 ya kupata habari inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Ikikaa kimya zikapita, kimya hicho kinahesabiwa kuwa imekataa, na mapitio yanaombwa kwa Tume ya Haki ya Utawala ndani ya siku 30. Tanzania nayo ina sheria ya 2016, siku za kujibu ni 30. Uingereza ni siku 20 za kazi. Kuna nchi ambako lazima uanze kwa mkuu wa ofisi ile ile iliyokukatalia. Najua inaudhi, lakini ukimruka mahakama inakurudisha kwake. Tafuta sheria ya kwenu leo, usome kifungu cha rufaa kabla ya kingine chochote. Na bahasha yenye tarehe usiitupe.

Mpita_Darajani
Bahasha mtoto ameshaikata, ametengeneza ndege. Lakini kaunta nilisaini daftari.

Mzee, shikamoo na asante. Ila hizo folio nitazijuaje, na jalada sijaliona hata kwa mbali?

Karani_Mstaafu
Marahaba, wote wawili. Basi daftari ndilo bahasha yako, kaombe nakala ya ukurasa uliosaini.

Kuhusu folio, tazama juu ya barua waliyokujibu, palipoandikwa Kumb. Na. Inaishia na nini?

Mpita_Darajani
Kuna herufi, namba ndefu, halafu mwisho mkwaju na 47.

Bado_Nipo
Sasa hapa hata mimi nimekaa vizuri.

Karani_Mstaafu
Kwetu namba ya mwisho ilikuwa folio ya barua yenyewe, na zilizotangulia ndizo za jalada. Kama na wao wanafuata hivyo, jibu lako limewekwa la 47, yaani kuna karatasi 46 chini yake. Huenda ni jalada la malalamiko ya wananchi na si la daraja, kwa hiyo uliza yote mawili kwa sentensi moja: "Naomba orodha ya folio 1 hadi 46 za jalada hili, na namba ya jalada la daraja iwapo ni jingine." Peleka nakala mbili, yako wakugongee mhuri wa kupokelewa hapo hapo kaunta, usiondoke kabla.