Gharama ya imani inapowaangukia walio nyumbani

Muulizaji:
Bwana asifiwe, wapendwa. Mkuu wangu kazini amenitaka nitie sahihi hati inayosema tumepokea bidhaa ambazo hazikufika, nami nimeomba muda kabla ya kumjibu. Dhamiri yangu haina shaka kwamba huo ni uongo, na kwamba anayemkiri Kristo hawezi kuushuhudia kwa mkono wake mwenyewe. Kinachonisumbua ni kwamba nikikataa yumkini nitafukuzwa, na watakaoumia ni mke wangu na watoto ambao hawakuulizwa. Ningekuwa peke yangu nisingesita. Je, mtu ana haki ya kumfuata Bwana kwa moyo wote ikiwa gharama inalipwa na wengine, au huo ni ukaidi tu unaojiita imani?

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu yangu, swali hili lilimkabili Franz Jägerstätter, mkulima wa Austria aliyekataa kula kiapo cha utii kwa Hitler. Hata askofu wake alimkumbusha wajibu wake kwa familia, maana alikuwa na mke na mabinti watatu wadogo. Yeye alishikilia kwamba kuwa na mke na watoto hakumpi mtu ruhusa ya kumkosea Mungu, akakatwa kichwa tarehe 9 Agosti 1943. Lakini nisomapo habari zake, anayenigusa zaidi ni mkewe, Franziska. Mwanzoni alijaribu kumshawishi abadili nia, kisha alipoona kwamba watu wote wako kinyume na mumewe, akaamua kusimama naye. Na baada ya vita alibeba lawama za majirani na kulea watoto bila mume. Mwaka 2007 Franz alipotangazwa mwenyeheri, Franziska alikuwa bado hai. Sisemi hati yako ni sawa na kiapo kile. Nasema usimfanyie mkeo uamuzi kwa kumficha jambo ukidhani unamlinda. Mweleze yote kabla hujarudi kwa mkuu wako.

Mchangiaji wa pili:
Naafiki, ila naomba tusiharakishe kuingia motoni. Katika masimulizi ya kale ya kifo cha Polikarpo, askofu wa Smirna, anatajwa mtu aitwaye Kwinto aliyejitokeza mwenyewe ili ashitakiwe, na alipowaona wanyama wakali akaogopa, akamkana Bwana. Polikarpo, kinyume chake, alikubali kuondoka mjini waamini walipomsihi, akajificha shambani, na alipokamatwa ndipo alipokataa katakata kumlaani Kristo. Paulo naye alishushwa ukutani ndani ya kapu huko Dameski, na mbele ya Festo alidai haki yake ya kusikilizwa na Kaisari. Ujasiri wao haukuwazuia kutumia njia halali zilizokuwapo. Kwa hiyo kataa kwa maandishi, kwa maneno machache na ya heshima, ukieleza kwamba huwezi kuthibitisha usichokiona, mpe mkuu wako nafasi ya kurekebisha hati, weka nakala, tafuta ushauri wa mtu anayejua sheria za kazi. Wala usimhubirie siku hiyo, kwa maana Petro anatuagiza tujibu kwa upole.

Mchangiaji wa tatu:
Mnamshauri huyu ndugu kana kwamba yuko peke yake. Waraka kwa Waebrania, sura ya 10, unawasifu waamini waliovumilia kunyang'anywa mali zao, na pia wale waliojifanya washirika wa waliotendewa hivyo. Sisi tunapenda kusimulia habari za wale wa kwanza, lakini mwenzetu akifukuzwa kazi tunamwahidi maombi na kumwachia kodi ya nyumba. Nenda kwa wazee wa kanisa sasa, kabla ya jibu lako, uwaulize waziwazi kama watakuwa pamoja na watoto wako ikiwa mambo yatageuka.

Muulizaji:
Asanteni sana. Nimezungumza na mke wangu; alikuwa ameshatambua kwamba kuna jambo. Hatujakubaliana kwa yote, kwa kuwa angependa nianze kutafuta kazi nyingine kwanza, lakini juu ya kutotia sahihi hakusita hata kidogo. Barua nimeiandika, na jioni hii tunakwenda wote wawili kwa mzee wa kanisa. Ninaomba mtukumbuke katika sala, na hasa mke wangu.