Je, Carhenge ya Nebraska inafaa kupitiwa?

Msafiri wa Denver: Ndugu wadau, habari za wakati huu. Mwezi ujao tutasafiri kwa gari kutoka Denver kwenda Mlima Rushmore, na nimeona kwamba tukishika njia ya Alliance, Nebraska, tutapita karibu na Carhenge, yale magari ya zamani yaliyosimamishwa kwa kuiga mawe ya Stonehenge ya Uingereza. Tutakuwa na mama yangu mzazi, ambaye hawezi kutembea mwendo mrefu. Je, pana la kuonwa, au ni vyuma chakavu tu?

Fundi Bodi: Piteni, ndugu yangu, wala msisite. Ni magari 39 yaliyopakwa rangi ya kijivu na kupangwa kufuata duara la Stonehenge, lenye kipenyo cha karibu mita 29. Baadhi yamefukiwa upande wa buti, mbele kukiwa juu, na yale yaliyolazwa juu ya mengine yamechomelewa yasidondoke. Ukisogea karibu bado unatambua matao ya magurudumu na matundu ya taa; ukirudi nyuma kidogo, unaona mawe matupu. Kwa anayeijua kazi ya bodi, hapo pana mengi ya kutazama.

Mama Wawili: Naomba niongeze jambo ambalo wageni wengi hulipita juu juu. Jim Reinders aliijenga Carhenge kwa kumkumbuka baba yake. Mzee alipofariki mwaka 1982, ndugu walikubaliana wakutane tena baada ya miaka 5 wamjengee kumbukumbu, na Juni 1987 wanaukoo wapatao 35 wakakusanyika kwenye shamba alilokuwa akiishi marehemu, wakaifanya kazi kwa mikono yao. Sisi tuliokulia kwenye matanga tunaelewa uzito wa ahadi kama ile, na ndiyo maana nakuomba uwasimulie watoto kabla hawajashuka garini. Wasiyachoree magari yale; desturi ya kupulizia rangi ni ya Cadillac Ranch, kule Amarillo, Texas, kwenye Cadillac 10 zilizofukiwa mwaka 1974.

Fundi Bodi: Ni kweli kabisa, dada. Kuhusu mama, ndugu msafiri, ondoa wasiwasi: maegesho yako jirani, ardhi ni tambarare, na kiingilio hakuna. Mchukulieni kofia na maji, kwa kuwa ni uwanda mtupu usio na kivuli.