Kuvua mtoni kwenye baridi kali: samaki wamekwenda wapi? Naomba ushauri

Mtoa mada
Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wanaovua mtoni wakati wa baridi, ile ya theluji ukingoni na barafu pembeni mwa maji. Mto wangu una trauti (samaki wa maji baridi), na majira ya joto nawapata kwenye maji yanayokimbia juu ya mawe. Sasa hivi sehemu ile ile kimya kabisa. Nafika alfajiri, navuta spuni (kile chambo bandia cha chuma) mpaka vidole vinakufa ganzi, mshipi unagandia kwenye pete za ufito. Kipimajoto kinasoma nyuzijoto 3. Je, wamehama, au wapo ila hawali? Chambo gani kinafaa? Na nina buti za mpira zinazofika kifuani: kuna ubaya nikivuka kwa miguu nivulie ng'ambo, kwenye kilindi?

Mzee wa Kilindi
Hawajaenda mbali, mkuu. Kwanza hakikisha msimu wa trauti uko wazi hapo ulipo, maana sehemu nyingi huufunga wakati wa kutaga.

Samaki ni mnyama wa damu baridi, joto la mwili wake linafuata la maji. Kwenye nyuzi 3 kila kitu mwilini mwake kinakwenda polepole. Alichomeza kinakaa tumboni muda mrefu, na nguvu za kushindana na mkondo hana za kuchezea. Yale maji ya kasi yaliyokuwa yakimletea chakula sasa yanamchosha kuliko yanavyomshibisha. Kwa hiyo amehamia palipo na kina na utulivu: kona ya nje mto ulipochimba, nyuma ya jiwe kubwa, chini ya mti ulioanguka. Tafuta mpaka wa maji ya kasi na maji tulivu, utauona kwa mapovu yanavyopunguza mwendo. Yeye hukaa upande wa utulivu, tumbo karibu liguse changarawe. Na baridi huwakusanya: ukipata mmoja, usihame upesi.

Mpita Njia
Naongezea: chini kuna joto kuliko juu, ndiyo maana wanashuka.

Mzee wa Kilindi
Hilo ni la ziwani, ndugu yangu. Maji huwa mazito kabisa yakiwa na nyuzi 4, kwa hiyo kwenye ziwa lililotulia hayo hukaa chini, na yaliyo baridi zaidi hubaki juu mpaka yagande. Mto unakorogwa saa zote. Juu na chini joto halipishani sana. Samaki wa mtoni anafuata utulivu. Kasoro ni kwenye chemchemi, kwa sababu maji yatokayo ardhini hayabadiliki sana mwaka mzima. Ukiona kipande cha ukingo hakina barafu huku kwingine kote kumeganda, anzia hapo.

Ndoana Ndogo
Acha alfajiri, mtoa mada. Hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote, maji yamepoa usiku kucha. Nenda saa tano asubuhi, vua mpaka alasiri. Jua likipandisha maji hata kwa nyuzi 1, samaki aliyekuwa amelala anaanza kufungua mdomo. Siku chache mfululizo zenye mawingu na joto kidogo ni nzuri mno. Siku theluji inapoyeyuka na kumiminika mtoni, kaa nyumbani, maana yale maji yanapoza mto ghafla.

Spuni iweke kando. Tumia nyungunyungu mdogo au funza wawili kwenye ndoana ndogo, na chubwi ya kutosha tu kukifanya chambo kibingirike chini taratibu. Pitisha mahali pamoja tena na tena, kwa sababu samaki wa baridi hakifukuzi chakula, anasubiri kimfike mdomoni. Wala usitegemee kushtuliwa. Mshipi unasita tu, kama umegusa jani. Ukisita, inua ufito.

Mshipi wa nailoni ni bora kuliko wa kusokotwa, ambao unabeba maji na kuganda. Pete zipake vazelini kidogo. Zikiganda, usizibandue kwa nguvu. Zamisha ncha ya ufito mtoni kidogo, barafu itaachia.

Ukingoni
Nimeona hakuna aliyejibu swali la kuvuka, na ndilo linalonitia hofu. Usivuke. Ukitumbukia kwenye maji ya nyuzi 3, mwili unavuta pumzi kwa nguvu bila hiari yako, na kichwa kikiwa chini, umevuta maji. Wanaofundisha uokoaji husema una kama dakika 1 ya kutuliza pumzi, kisha kama dakika 10 tu ambazo mikono na miguu bado inakutii. Hapo ndipo wengi wanapozama, kabla baridi yenyewe haijawaua.

Kama ni lazima uingie, ishia magotini, funga mkanda kiunoni juu ya hizo buti ili maji yasijae ndani, shika fimbo, na uwe na mwenzako. Barafu ya ukingoni usiikanyage, mara nyingi chini yake mkondo umeshakula. Ndani vaa sufu. Pamba ikilowa inakunyang'anya joto. Na ukiona changarawe safi, nyeupe kuliko ya jirani yake, ipitie mbali. Trauti wengine hutaga kabla ya baridi, na mayai hubaki humo hadi joto lirudi.

Mtoa mada
Nimeelewa, sivuki. Swali la mwisho: nikipata mdogo wa kurudisha, nimshikeje kwenye hali hii?

Ndoana Ndogo
Usimtoe majini kabisa. Hewa ikiwa chini ya sifuri, matamvua yake yanaanza kuganda mara moja, na kumlaza kwenye theluji kunamharibu ngozi. Lowesha mkono, mchomoe ndoana akiwa ndani ya maji kwa koleo ndogo, kisha mwelekeze kichwa kwenye mkondo mpole na umsubiri. Kwenye baridi anachelewa kuondoka, usimsukume.