Mamluki wa kwenye stori, nini kinawafanya washinde vita?

kalamu_kavu: Wakuu naandika stori ya fantasia, kuna kikosi cha mamluki kama 300 hivi na mchawi mmoja, sasa nimekwama, kitu gani kinafanya wafalme wagombanie kuwakodi? Sitaki jibu liwe uchawi tu

babu_ngao: Mshahara. Cheki Wakatalani, kikosi cha mamluki kutoka Hispania, dola ya Bizanti (Roma ya mashariki) iliwakodi 1303, malipo yakaanza kusuasua, 1305 kiongozi wao Roger de Flor akauawa, basi wakageuka wakaivuruga Thrace, jimbo la Bizanti hiyo hiyo, na 1310 Duke wa Athens naye kawakodi halafu kagoma kuwalipa, 1311 wakamuua vitani wakabeba mji

mama_chungu: Na msosi jamani!! Watu 300 ni magunia mangapi ya unga kwa wiki, farasi je? Weka mhasibu mnoko mwenye daftari, atakuwa mtamu kuliko huyo mchawi

dogo_mkuki: Uwanja pia. Hawkwood, kamanda wa mamluki Mwingereza, pale Castagnaro, Italia, 1387 alijipanga nyuma ya mtaro, adui anahangaika kuvuka yeye kashazunguka ubavuni. Ila usiwape ushindi kila siku bana, hata mamluki wa Uswisi walichakazwa Bicocca, Italia, 1522 kwa haraka zao

kalamu_kavu: Mhasibu nimemchukua 😂 mchawi anakufa sura ya pili